Kumpima daktari anayesomea ubingwa: zana ipi kwa uamuzi upi

Kila mpango wa mafunzo ya ubingwa hujibu maswali mawili. La kwanza ni la kila siku: leo huyu daktari amefanya nini vizuri, na kesho arekebishe nini? La pili huja mara moja au mbili kwa mwaka: apande mwaka unaofuata, aongezewe muda, au aondoke? Upimaji mwingi huharibika pale zana ya swali la kwanza inapolazimishwa kujibu la pili, au kinyume chake. Fomu ya dakika ishirini iliyojazwa baada ya raundi haitoshi kumzuia mtu kupanda. Nao mtihani wa mwisho wa mwaka haumwambii mwanafunzi kwa nini wagonjwa wake hutoka chumbani bila kuelewa walichoambiwa.

Ulinganisho huu ni wa mkuu wa mafunzo anayepanga mfumo wake upya, na wa msimamizi anayetaka kujua saa zake chache azitumie wapi.

Zana inapima ngazi gani

Mwaka 1990 George Miller alieleza piramidi ya ngazi nne, na bado ndiyo njia fupi ya kujua zana inagusa nini. Chini ni kujua. Juu yake ni kujua namna ya kuutumia ujuzi huo. Ya tatu ni kuonyesha mbele ya mtahini. Kileleni ni kutenda: mgonjwa halisi, zamu ya usiku, hakuna kilichopangwa. Maswali ya kuchagua jibu hugusa ngazi mbili za chini. OSCE, mtihani wa kuzunguka vituo vya kazi fupi mbele ya watahini, ambao Ronald Harden na wenzake wa Dundee waliueleza mwaka 1975, hugusa ya tatu. Kilele hupimwa kazini tu.

Anayesomea ubingwa tayari ni daktari na anatibu watu, kwa hiyo nguvu kubwa ya upimaji iwe kileleni. Mipango mingi hufanya kinyume, kwa sababu mtihani ni rahisi kuupanga kwenye kalenda kuliko kumfuata mtu wodini.

| Zana | Inapima nini hasa | Muda wa mara moja | Kiasi cha mwaka | Inaharibikia wapi |
|---|---|---|---|---|
| Mini-CEX (kutazamwa kwa muda mfupi na mgonjwa halisi) | Mahojiano, uchunguzi wa mwili, uamuzi, maelezo kwa mgonjwa | Dakika 15–20 za kutazama, 5–10 za mrejesho | 10–12, wapimaji 6 au zaidi | Hujazwa bila kutazama |
| Mjadala wa kesi (CbD) | Sababu za maamuzi yaliyo kwenye faili | Dakika 20–30 | 6 | Hugeuka mtihani wa mdomo |
| DOPS (kutazamwa akifanya tendo la mikono) | Ufundi wa tendo moja | Muda wa tendo na dakika 10 | 3–6 kwa tendo muhimu | Huchaguliwa mgonjwa rahisi |
| Maoni ya anaofanya nao kazi (MSF) | Tabia, mawasiliano, kutegemeka | Dakika 10 kwa mtoa maoni | Mara 1, watu 10–15 | Huombwa marafiki |
| Daftari la kazi | Idadi na aina ya kazi | Dakika 2 kwa tendo | Wakati wote | Idadi huhesabiwa kuwa umahiri |
| Mtihani wa maendeleo | Ujuzi wa kichwani | Saa 2–4 | 1–2 | Alama hutawala kila kitu |
| OSCE | Stadi katika mazingira ya kupangwa | Vituo 10–20 vya dakika 5–10 | 1 au hakuna | Vituo vichache, gharama kubwa |

Idadi ya kutazamwa inashinda uzuri wa fomu

Kamati hutumia miezi kubishana kuhusu maneno ya fomu. Huo ni muda unaopotea. Utendaji wa daktari hubadilika sana kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine: anayemudu vizuri mgonjwa wa moyo anaweza kukwama kwa mgonjwa wa figo saa moja baadaye. Wapimaji nao hawalingani, mmoja mkali, mwingine mwepesi wa kutoa alama za juu. Dawa ya matatizo yote mawili ni moja: wagonjwa wengi, wapimaji wengi.

Hesabu yake ni rahisi. Uthabiti wa alama, yaani kiasi ambacho ingebaki ileile kama mtu angepimwa tena, hupimwa kutoka 0 hadi 1, na kwa uamuzi mzito watu wengi wa fani hii hutaka angalau 0.8. Tuseme kutazamwa mara moja kunatoa uthabiti wa 0.25. Mara nne zinafikisha 0.57, mara sita 0.67, na mara kumi na mbili ndipo 0.8. Kwa hiyo mpango unaodai fomu nne kwa mwaka na kuamua hatima ya mtu kwa wastani wake unaamua kwa alama ambayo karibu nusu yake ni bahati, hata fomu hizo ziwe zimeandikwa vizuri namna gani. Mitihani haisalimiki na kanuni hii. OSCE ya saa moja hutoa takriban 0.5, na inahitaji kama saa nne ili ifike 0.8. Mtihani wa mdomo, wenye heshima kubwa katika vyuo vingi, nao huhitaji saa nyingi kama hizo na watahini kadhaa kabla alama yake haijawa ya kuaminika.

Si kila mtu anahitaji kutazamwa mara kumi na mbili. Aliye bora waziwazi, na aliye na shida waziwazi, hujulikana baada ya mara nne hivi. Nyingi zihifadhiwe kwa walio mpakani. Kanuni ya kufaa: kila mwanafunzi apate sita katika nusu ya kwanza ya mwaka, kisha kamati iongeze pale tu matokeo yanapopingana.

Mini-CEX au mjadala wa kesi?

Mini-CEX ilianzia Marekani katika miaka ya 1990, kwenye bodi ya madaktari wa magonjwa ya ndani, na jina la John Norcini ndilo linalohusishwa nayo zaidi. Ilichukua nafasi ya mtihani mrefu wa mgonjwa mmoja, ambapo mwanafunzi alitazamwa na mtu mmoja kwa muda wa saa mbili hivi. Fomu ya asili ina vipengele saba: mahojiano, uchunguzi wa mwili, utu na maadili, uamuzi wa kitabibu, ushauri kwa mgonjwa, mpangilio wa kazi, na alama ya jumla. Kipimo chake ni 1 hadi 9: tatu za kwanza hazitoshi, tatu za kati zinatosha, tatu za mwisho ni za juu.

Si lazima mpimaji atazame vipengele vyote kwa mgonjwa mmoja, na hapa ndipo wasimamizi wengi hujichosha. Dakika kumi na tano za kumtazama mwanafunzi akimweleza mgonjwa matokeo ya kipimo cha saratani zinatosha kabisa. Jaza vipengele viwili vilivyoonekana, vingine viache wazi. Aliyejaza vyote saba baada ya dakika tano za korido amebuni vitano.

Mjadala wa kesi hutazama kitu tofauti. Mwanafunzi huleta faili mbili za wagonjwa aliowahudumia mwenyewe, mpimaji huchagua moja, kisha huuliza kutoka kwenye maandishi: hapa uliandika dawa hii saa nne usiku, ulikuwa unafikiria nini? Ulikataa nini? Kama potasiamu ingerudi 6.5, ungefanya nini tofauti? Swali likishahama kwenye faili na kuwa “taja sababu tano za...”, mjadala umekufa, umebaki mtihani wa mdomo wa mtahini mmoja, ambao ndio wenye uthabiti mdogo.

Uchaguzi kati ya hivi viwili unategemea daktari anafanya kazi gani bila kuonekana. Mwaka wa kwanza, wakati mikono na maneno bado vinajengwa, mini-CEX iwe nyingi. Miaka ya mwisho, anapofanya maamuzi usiku huku bingwa yuko nyumbani, mjadala wa kesi ndio pekee unaofika mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama. Katika fani kama patholojia na radiolojia, ambako mgonjwa haonekani sana, mjadala uliojengwa juu ya ripoti na picha hubeba mzigo mkubwa tangu mwanzo.

Zote mbili hufa kwa ugonjwa mmoja: kujazwa kwa kumbukumbu. Fomu iliyojazwa wiki tatu baadaye hupima sifa ya jumla ya mtu katika idara, si kilichotokea. Weka sharti kwamba fomu ifungwe siku hiyohiyo, na ikipita saa 48 mfumo uikatae. Utapoteza baadhi ya fomu, ila zile ambazo zisingekuwa na maana.

Kipimo: alama, au “nilihitajika kiasi gani?”

Kipimo cha 1 hadi 9 kina tatizo linalojulikana: karibu kila mtu hupata 6 hadi 8. Mpimaji anaona haya kumpa mwenzake 4, na kesho watakuwa naye zamu moja. Njia iliyosaidia zaidi ni kubadilisha swali. Kipimo cha O-SCORE, kilichotengenezwa Ottawa na kuchapishwa mwaka 2012 kwa ajili ya upasuaji, humuuliza bingwa aeleze kilichotokea: 1 ni “ilinibidi nifanye mimi”, 2 “nilimwongoza hatua kwa hatua”, 3 “nilimkumbusha hapa na pale”, 4 “nilikuwepo kwa tahadhari tu”, 5 “sikuhitajika kuwepo”. Kumwandikia mtu 2 hapa si tusi. Bingwa anaripoti jambo ambalo wote wawili walilishuhudia, na kwa sababu hiyo alama husambaa vizuri zaidi.

Ukilazimika kubadilisha kitu kimoja tu kwenye fomu zako za sasa, badilisha hiki. Kisha ongeza masanduku mawili ya maandishi yasiyokubali kuachwa wazi: alichofanya kinachofaa kurudiwa, na atakachofanya tofauti mara ijayo. Ukatae “mzuri, aendelee hivyo”. Sentensi kama “aliomba ridhaa kabla ya kueleza hatari ya kutokwa na damu” humsaidia mwanafunzi leo na kuisaidia kamati miezi sita baadaye. Nambari peke yake hazifanyi lolote kati ya hayo.

Matendo ya mikono: daftari, DOPS au mstari wa makosa

Fani za upasuaji, usingizi na wagonjwa mahututi zimezoea daftari la kazi. Daftari lina kazi halali: linaonyesha kama hospitali inampa mwanafunzi kazi za kutosha, na kama anapangiwa aina moja tu. Lakini matendo hamsini hayathibitishi umahiri. Kasi ya kujifunza hutofautiana sana kati ya watu. Pia, daftari lisilotenganisha “nilisaidia”, “nilifanya nikisimamiwa” na “nilifanya peke yangu” haliwezi kusomwa. Msimamizi achague maingizo machache kila mwezi na kuyalinganisha na kumbukumbu za chumba cha upasuaji. Kwa kawaida dakika kumi zinatosha.

DOPS hujaza pengo hilo. Mpimaji humtazama mwanafunzi akitoa maji ya uti wa mgongo, akiweka mrija wa kifua au mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, na fomu hufuata mwendo wa tendo: je, anajua lini tendo linahitajika, ridhaa, maandalizi, ganzi, usafi, ufundi wenyewe, kuomba msaada inapobidi, na uangalizi baada ya kumaliza. Kipengele cha kuomba msaada hupuuzwa, nacho ndicho kinacholinda wagonjwa. Aliyejaribu mara tatu, akaacha na kumwita bingwa amefanya jambo ambalo fomu lazima ilipe uzito.

Udhaifu wa DOPS ni uchaguzi. Mwanafunzi humwita mpimaji siku ya mgonjwa mwembamba mwenye mgongo ulionyooka. Kwa hiyo kila fomu iwe na alama ya ugumu wa mgonjwa, na angalau moja kati ya tatu iwe ya ugumu wa kati au zaidi.

Kwa matendo yanayorudiwa mara nyingi na yenye matokeo ya wazi, kufaulu au kutofaulu, kuna njia ya tatu isiyotumiwa kadiri inavyostahili: CUSUM, mstari unaokusanya makosa. Unaamua kiwango cha kutofaulu kinachokubalika, tuseme 10%, na kisichokubalika, tuseme 20%, ukiruhusu uwezekano wa 10% wa kukosea kila upande. Hesabu hutoa namba tatu. Kila kufaulu hushusha mstari kwa 0.145. Kila kutofaulu huupandisha kwa 0.855. Mipaka iko 2.71 juu na chini ya sifuri. Mstari ukivuka wa chini, kiwango kimethibitishwa. Ukivuka wa juu, mwanafunzi arudishwe kwenye usimamizi wa karibu.

Hesabu hiyo inafundisha jambo. Hata asiyekosea kabisa anahitaji kufaulu mara 19 mfululizo kabla mstari haujavuka. Aliyeshindwa mara moja anahitaji majaribio 26, aliyeshindwa mara mbili 33. Kwa hiyo CUSUM inafaa kuingiza mpira wa kupumulia, ganzi ya uti wa mgongo au kuweka mipira ya mishipa, ambako majaribio ni mengi. Kwa upasuaji mkubwa unaofanywa mara nane kwa mwaka haina maana. Huko tumia DOPS yenye maelezo marefu. Kitu kimoja kikiharibika, njia yote huharibika: maana ya “kutofaulu” isipoandikwa kabla ya jaribio la kwanza. Je, kuchoma mara ya pili ni kutofaulu? Bingwa kuchukua sindano? Andikeni, kila mtu atie sahihi.

Maoni ya wanaofanya naye kazi

Hakuna zana nyingine inayoona mtu anavyojibu simu saa tisa usiku. Wauguzi wanajua nani huja akiitwa na nani hajibu. MSF hukusanya maoni ya watu 10 hadi 15 bila kutaja majina: mabingwa, madaktari wenzake, wauguzi, mfamasia, karani wa wodi. Mwanafunzi naye hujijazia fomu yake ili tofauti ionekane.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwanafunzi akiachiwa achague mwenyewe, ataomba wale wanaompenda. Msimamizi atoe angalau nusu ya majina na aweke idadi ya chini kwa kila kundi, kwa mfano wauguzi wanne na mabingwa watatu. Chini ya watu wanane usitoe ripoti: majina yatajulikana, na wastani wenyewe utayumba. Pia usimtumie mwanafunzi ripoti kwa barua pepe. Maneno makali mawili kati ya thelathini mazuri ndiyo atakayoyasoma usiku kucha. Kaa naye nusu saa, pitieni pamoja, na mwishoni aandike yeye mwenyewe jambo moja atakalobadilisha.

MSF ni hafifu mno kwa kupima ujuzi wa tiba. Usiulize wauguzi kama utambuzi wake wa magonjwa ni sahihi. Watajibu kwa hisia.

Mtihani

Mtihani wa maendeleo hutolewa uleule kwa miaka yote ya mafunzo, na mwanafunzi hujilinganisha na rika lake na alama yake ya mwaka uliopita. Mbinu hii ilikua miaka ya 1970 huko Maastricht na katika Chuo Kikuu cha Missouri-Kansas City. Faida yake kubwa ni kwamba haukaririki kwa wiki mbili, kwa sababu unagusa fani nzima. Nao hutabiri mtihani wa mwisho vizuri kiasi, kwa hiyo aliyebaki nyuma mwaka wa pili anajulikana mapema, wakati msaada bado una maana. Utumie kwa hilo. Ukiugeuza lango la kupanda, wanafunzi wataiacha wodi miezi miwili kabla yake.

OSCE kwa watu wanaotazamwa kazini kila mwezi ni anasa. Inafaa pale tu jambo ni adimu na la hatari, kama kumfufua mtoto aliyezimia, au ufundi ambao haifai kuujaribu kwa mgonjwa kwanza.

EPA, kazi za kukabidhiwa, hubadilisha uamuzi wenyewe

Olle ten Cate wa Utrecht alipendekeza mwaka 2005 kwamba tuache kuuliza “ana umahiri kiasi gani?” na tuulize “tunaweza kumkabidhi kazi gani, kwa usimamizi gani?” EPA ni kipande cha kazi chenye mwanzo na mwisho, kama vile kumpokea mgonjwa wa pumu kali na kumhudumia saa ya kwanza, au kuendesha makabidhiano ya zamu. Kila EPA ina ngazi tano: kutazama tu, kufanya msimamizi akiwa chumbani, kufanya msimamizi akiwa karibu, kufanya peke yake, kuwasimamia wengine.

Uzuri wake ni kwamba lugha hii mabingwa wanaitumia tayari, wakisema “huyu unaweza kumwachia zamu”. Hatari yake ni wingi. Canada, iliyoanza mfumo wake wa Competence by Design (mafunzo yanayopangwa kwa umahiri) mwaka 2017 kwa hatua nne za mafunzo, ilikutana na malalamiko ya wanafunzi kukimbizana na fomu za EPA badala ya kujifunza. Mpango mzima wa ubingwa uwe na EPA 20 hadi 30, si zaidi. “Kusikiliza mapafu” si EPA, na “kuwa daktari mwadilifu” pia si EPA.

Nani aamue: jopo la mwaka au kamati ya nusu mwaka?

Msimamizi mmoja asiamue peke yake. Anamjua mwanafunzi mno, na sababu za wasimamizi kushindwa kumwangusha anayestahili kuanguka zinafahamika: hawakuandika chochote njiani, hawajui waandike nini, wanaogopa rufaa, na hawaoni msaada utakaotolewa baadaye.

Uingereza hutumia ARCP, mapitio ya kila mwaka yaliyochukua nafasi ya mfumo wa zamani wa RITA mwaka 2007. Jopo la watu wasiopungua watatu husoma ushahidi kwenye jalada la kielektroniki, mwanafunzi asiwepo, na kutoa matokeo yenye namba. 1 ni maendeleo ya kuridhisha. 2, kuna mapungufu yanayoweza kurekebishwa bila kuongeza muda. 3, muda uongezwe. 4, aondoke kwenye mpango. 5, ushahidi haujakamilika. 6, amemaliza. Mwanafunzi wa 2 anaweza kuomba mapitio. Wa 3 na 4 ana haki ya rufaa. Mwaka 2020, korona ilipovuruga mizunguko na mitihani, yaliongezwa matokeo 10.1 na 10.2 ili mtu asihesabiwe kuwa na kosa ambalo si lake.

Marekani, tangu 2013, huendesha Milestones (hatua za umahiri) za ACGME, chombo kinachoidhinisha mafunzo ya ubingwa: kamati ya umahiri yenye walimu wasiopungua watatu hukutana kila nusu mwaka na kumpanga kila mwanafunzi kwenye ngazi 1 hadi 5 kwa kila kipengele. Ngazi ya 4 ni lengo la kuhitimu, si sharti, na uamuzi wa mwisho hubaki kwa mkurugenzi wa mpango.

ARCP ina nguvu mbili: matokeo yenye maana ya kisheria inayoeleweka, na njia ya rufaa iliyo wazi. Udhaifu wake ni kwamba hukaa mbali na wodi. Huweza kukagua kama karatasi zipo na isione mtu. Tokeo la 5 hasa huwapata madaktari wazuri walio wavivu wa fomu. Kamati ya Marekani iko karibu na huona mwenendo mapema, miezi sita badala ya kumi na miwili, ila wajumbe wakichoka huanza kumpa mtu ngazi ileile kwenye vipengele vyote. Ukiona 3, 3, 3, 3 mpaka mwisho wa ukurasa, ujue hakuna aliyesoma.

Tunapendekeza mseto: kamati ya watu watatu kila miezi sita, mmoja wao kutoka nje ya idara, na matokeo ya namba ya mtindo wa ARCP mara moja kwa mwaka. Wanafunzi wenye wasiwasi wajadiliwe kwanza, dakika 20 kila mmoja, wakati akili bado ni safi. Wasio na shida wapewe dakika tano. Kupanga kwa alfabeti hupoteza nguvu kwa wasiohitaji.

Gharama kwa saa

Kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka: mini-CEX 12 za dakika 25 ni dakika 300, mijadala 6 ni 150, DOPS 6, dakika 10 za ziada kila moja, ni 60, kikao cha MSF ni 30, vikao vinne vya msimamizi vya nusu saa ni 120, kamati mbili za dakika 20 na watu watatu ni 120. Jumla ni dakika 780, yaani saa 13 za mabingwa. Idara yenye wanafunzi 12 na mabingwa 6 inahitaji saa 26 kwa kila bingwa, sawa na nusu saa kwa wiki. Hiyo nusu saa isipoandikwa kwenye ratiba, haipo, na fomu zote zitajazwa wiki ya mwisho kabla ya kamati.

Idara ndogo, mabingwa wawili au watatu, haitafikisha wapimaji sita. Hapo punguza mini-CEX hadi nane, ombeni bingwa wa idara jirani atazame mbili kati ya hizo, na mpe MSF uzito zaidi. Idara ya upasuaji ipunguze mini-CEX hadi sita, ziwe za kliniki na ridhaa, na saa zilizobaki ziende kwenye DOPS yenye kipimo cha “nilihitajika kiasi gani”. Palipo na wanafunzi wengi na mabingwa wachache kupita kiasi, kata mjadala wa kesi kabla ya kukata kutazama.

Anayeyumba

Mfumo wowote huonyesha thamani yake hapa. Hatua ya kwanza ni kutenganisha chanzo: ujuzi haupo (mtihani utaonyesha), ujuzi upo ila uamuzi unakwama (mjadala wa kesi), mikono (DOPS na mstari wa CUSUM), tabia (MSF), au afya na maisha, ambayo hayaonekani kwenye fomu yoyote na lazima aulizwe kwa faragha. Kumpa mtu mwenye tatizo la mpangilio wa kazi kitabu cha kusoma ni kumpotezea miezi mitatu.

Mpango wa marekebisho uwe na malengo mawili au matatu, si tisa, na muda wa miezi mitatu hadi sita. Kila lengo litaje zana itakayolipima, kwa mfano: mini-CEX 6 za kumpokea mgonjwa mpya, wapimaji 4 tofauti, angalau 4 kati ya hizo zifike ngazi ya 4 kwenye kipimo cha “nilihitajika kiasi gani”. Wapimaji wa kipindi hicho wapangwe na mkuu wa mafunzo, si na mwanafunzi. Anayemsaidia kurekebisha asiwe mmoja wa wanaoamua kama amerekebika, kwa kuwa mwanafunzi hatamfungulia moyo mtu atakayempigia kura. Kila kikao kiandikwe siku hiyohiyo, kiwe na tarehe na sahihi za wote wawili, na nakala abaki nayo mwanafunzi.